Spana za Janeth Zitangulie Masufuria

Kata ya Ramadhani, Njombe

Kwa dada yangu Teodora,

Kamwene, dada. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ludewa, na kile kifua kimekuachia. Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, umande umeganda kuwa sakitu na kuunguza hata majani ya viazi. Hivyo vilivyopona nimempa Lukas, anayekuja huko, akuletee pamoja na barua, maana simu yako nimepiga mpaka nimechoka.

Sasa kaa chini. Wakwe wamekuja! Baba yake Yusto mchumba wa Janeth wetu, Mzee Efraimu, mkewe, na mshenga wao Edson, kutoka Makambako na gari lao wenyewe. Walishuka wamejifunika mablanketi kama wagonjwa, wakilalamika kwamba hita ya gari inapuliza baridi tupu. Walipokwisha kunywa chai wakashusha sharti: mwanangu Janeth wanampenda, lakini akiolewa aache gereji, mkwe wao hawezi kuonekana amelala chini ya magari ya watu. Kaka Alois, unavyomjua, akaitikia kabla sijameza mate. Roho iliniuma, dada. Mtoto niliyemsomesha ufundi kwa jembe langu! Fundi ambaye madereva wa malori wanamuulizia kwa jina!

Wakawasha gari waondoke, nasi tukaanza kuagana. Unajua kuagana kwetu hakuishi. Gari likanguruma pale mpaka mvuke ukafuka. Mzee akafunua boneti, akanyoosha mkono afungue mfuniko wa rejeta. Janeth alikuwa amepiga magoti akimuaga mama mkwe. Niliona tu ameruka, kamdaka baba mkwe mkono!

Dada, mkwe kwa baba mkwe hata kusogeleana ni mwiko, huyu kamshika na kumvuta! Alois akajifunika uso kwa kofia. Nikajua uchumba umeishia hapo. Janeth hakuachia. Alimwomba msamaha, akamwambia akifungua sasa ataungua uso. Hajamaliza kusema, maji ya moto yakafoka pembeni ya mfuniko. Mzee akatazama kiganja chake.

Janeth akazima gari, akaturudisha ndani kwenye chai mpaka lipoe. Alipofungua, maji yalikuwa yamebaki kidogo sana. Wakwe walidhani gari lina magonjwa mawili. Akawaeleza kuwa ni moja: injini ikichemka huku hita inapuliza baridi, ujue maji yamepungua na hewa imeingia, maji ya moto hayaifikii hita. Na kilichoyamaliza? Akaingiza mkono mbele ya rejeta, akachomoa boksi lililoziba upepo! Mzee alilichomeka asubuhi ili injini ipate joto haraka, akasahau kulitoa. Edson akamtania kwamba kalivalisha gari sweta, halafu analilaumu kwa kutoka jasho. Tulicheka mpaka Alois akatoka ndani ya kofia.

Janeth akajaza maji taratibu, injini ikinguruma, hita imefunguliwa mpaka mwisho, hadi mapovu yakaisha. Joto lilipompuliza miguuni, mama mkwe alitupa blanketi akapiga vigelegele humo humo garini.

Nikwambie jambo ambalo hata Alois halijui. Nilipokwenda chumbani kumchukulia Janeth spana, nilizikuta amezifuta mafuta na kuzifunga kwenye kitenge, tayari kumpa mwenzake wa gereji. Kumbe, alivyoniambia baadaye, Yusto alikuwa amemdokeza lile sharti, naye alishakubali, akanificha nisiumie. Nilizifungua huku nalia.

Basi Mzee, kabla ya kupanda gari, alisema mbele ya wote kwamba sharti lake analirudisha Makambako pamoja na boksi lake. Tena akasema siku ya kumpeleka bibi harusi, spana zije mbele ya msafara, zitangulie masufuria ya zawadi.

Mama mkubwa ni wewe, dada. Sanduku la spana utalibeba wewe kichwani. Ni zito, kwa hiyo hivyo viazi ule vyote.

Msalimie shemeji na wote wa nyumbani kwako. Mungu akutunzie kifua, vigelegele vinakusubiri.

Mdogo wako,
Consolata, mama yake fundi