Mama Alikuwa na Dawa Mdomoni

Ifakara,
14 Mei 2024.

Mpendwa shemeji Nazari,

Pokea salamu za nyumbani. Kikohozi chako kimepungua kwenye baridi ya Uchindile? Mimi ni mzima wa mwili. Siku hizi ni mimi ninayemchambulia Mama miiba ya perege, kazi ya marehemu mume wangu Anselim. Yeye alikuwa na vidole vyepesi.

Jumapili ulipiga simu, ukamwita Mama, ukasikia kimya, ukakata. Tangu hapo hupatikani. Najua unadhani amekukasirikia kwa kutofika mazikoni kwa kaka yako. Sivyo, shemeji.

Mama ana kidonda ndani ya shavu. Jino lililovunjika lilikuwa likimkwaruza. Hospitalini wamelisawazisha, wakampa dawa ya kupaka, nzito kama gundi. Kwanza nakikausha kidonda kwa kitambaa safi, maana penye mate haishiki. Kisha nampaka, naye akae nusu saa bila kula wala kusema.

Hapo ndipo penye shida. Wageni wa msiba bado wanakuja. Akipewa shikamoo anaitikia, akipewa pole anapokea, na dawa inakwenda na mate. Nilipomzuia alinifokea, "Wewe Apolonia! Watu wamekuja kumlilia mwanangu, mimi niwatazame kama gogo?"

Daktari amesema kidonda kisipoanza kufunga hadi Ijumaa hii, watakata kipande wakapime. Unakumbuka ugonjwa wa Anselim nao ulianza kama kidonda cha mdomoni, akatuficha.

Ametuokoa jirani yetu Mama Sada, yule Msukuma mwenye ng'ombe. Sasa anakaa mlangoni: "Mama ana dawa mdomoni. Pole zenu leteni huku, mimi nina mdomo wa kutosha!" Hata Mama alicheka, kwa pua.

Jumapili ndiyo siku ya kwanza Mama kutii. Ndipo ukapiga. Aliibana simu sikioni, machozi yanamtoka, midomo kaifunga. Nikamwambia ateme, nitampaka tena. Akatikisa kichwa. Nilipotaka kuichukua nikujibu, ulishakata. Muda ulipokwisha alisema, "Mmoja nimeshamzika. Huyu nataka anikute."

Leo nimekimulika kidonda kwa tochi. Naona wekundu wa pembeni umepungua, lakini sijui kama ni macho yangu tu yanavyotaka.

Barua hii nampa Omega, anapanda treni kesho kuja huko. Ukipata mtandao, piga. Ukisikia kimya usikate, zungumza tu. Mama anakusikia.

Nisalimie Kristina na watoto. Mama Sada naye anakusalimu. Mungu awafunike huko mliko.

Ijumaa mtukumbuke.

Shemeji yako akupendaye,
Apolonia