Mtu wa Kipimo Aliyempa Baba Mgongo

...Na lile uliloniuliza, kama Baba amelainika, nilitaka nilijibu hata kabla ya salamu, Dada Damari. Shikamoo. Mimi na Anaeli wangu tu wazima, na kama huku Meru kuna mke mwenye raha kunishinda, bado sijakutana naye. Kila asubuhi ananiletea ndizi mbivu mwenyewe, na mama yake anacheka huko migombani, "Mwanangu kaugua huyu!" Ninyi hamjambo? Kikohozi cha Mama kimepoa?

Sasa sikiliza. Unajua tangu harusi Baba hajawahi kumwita Anaeli mkwe. Ni "yule mtu wa kipimo", basi. Kwake, kijana wa Tanganyika anayepima Mto Lumi anataka kutufungia mifereji yetu ya Taveta ili maji yote yashuke kwao. Alipokuja Arusha na wazee wenzake kwa mkutano wa serikali mbili, ya Kenya na ya Tanganyika, juu ya mto huo, hakufikia kwetu. Alilala Ngarenaro, kwa rafiki yake muuza nguo. Nilipika, nikangoja, chakula kikapoa. Anaeli akanishika mkono tu.

Mkutanoni watu wa Kenya walisema vipimo vya Tanganyika ni vya uongo, na wa Tanganyika wakasema vivyo hivyo juu ya vya Kenya. Ndipo Bwana Maji, yule afisa aliyeongoza mkutano, akawapeleka wote Mto Themi hapa Arusha, akasimika ubao wa kupimia kina, akataka mtu mmoja wa kila upande aingie majini, wasome pamoja. Wazee wakamsukuma Baba. Upande wetu (wa mume wangu, sijui nisemeje siku hizi!) akaitwa Anaeli. Mimi nilikuwa nimewapelekea chai, nikaona kwa macho yangu.

Baba akakunja suruali, ikapita magoti. Anaeli akageuka upesi, akampa mgongo, akaukodolea macho Mlima Meru kama hajawahi kuuona.

"Wewe! Mbona hutazami ubao?" Bwana Maji akafoka.

Anaeli akazidi kuutazama mlima. Angejitajaje mkwe, na Baba mwenyewe hajamtaja?

Baba akautazama ule mgongo. "Mwache, Bwana. Huyu ni mkwe wangu. Hawezi kuniona mapaja, ni mwiko."

"Ehee! Leo umesema!" mzee mmoja wa Taveta akaangua kicheko.

"Nyamaza, nasoma!"

Akasoma kwa sauti, Anaeli akaandika bila kugeuka. Kisha wakabadilishana, Anaeli akaingia mtoni, Baba akageukia mlima. Namba ikawa ileile. Dada, nililia mbele ya wazee wote.

Basi wakubwa wamekubaliana kwamba hao hao wawili ndio watakaosoma kipimo cha Lumi, wala hautafungwa mfereji wowote bila namba waliyoitoa wote wawili. Jioni Baba alikula kwangu. Alilalamika kwamba mtori wangu wa ndizi na nyama umezidi chumvi, akataka aongezwe.

Mpe salamu Mama, na shemeji mumeo, na shangazi aliyenisuka siku ya harusi. Habari ya mapaja usimsomee Baba. Anaeli ametakiwa Lumi kwa kipimo cha kwanza, nami siachwi nyuma. Mtusubiri stesheni ya Taveta.

Ni mimi mdogo wako, Ruthi wa Anaeli, utakayemkumbatia kabla mwezi huu haujaisha.