"Vumbi la Ikungi" Saa Saba Mchana

Elia rafiki yangu,

Hongera. Unapigwa redioni. Kila siku saa saba mchana Singida nzima inakusikia, na Singida nzima inakuchukia.

Unakumbuka tulivyopeleka "Vumbi la Ikungi" pale kituoni? Gitaa lako, besi yangu, ngoma za Musa, dakika nane bila neno hata moja. Mtangazaji alisikiliza dakika mbili akauliza, "Sasa mwimbaji anaingia saa ngapi?" Ukamjibu haingii. Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje acheke naye. Tukarudi nyumbani Mwankoko umenuna, ukasema, "Watatupiga tu, hata kama nimeshakufa." Mdomo wako ule, Elia!

Basi pikipiki ilipokuua, mimi ndiye niliyepeleka tangazo la kifo chako. Matangazo ya vifo lazima yawekewe muziki usio na maneno chini yake, na wao walikuwa na wimbo mmoja tu wa kinanda, umechoka. Nikawapa wimbo wetu. Nilidhani nakuheshimu. Nilitaka usikike mara moja tu, basi.

Wameupenda. Sasa kila marehemu kuanzia Manyoni mpaka huku anasomwa juu ya gitaa lako. Sokoni likianza tu, watu wanaacha kupima mahindi: "Nani tena leo?" Juzi mimi na Musa tumeupiga harusini, gitaa lako likitoka kwenye rekodi, bibi harusi akaangua kilio, mjomba wake akachomoa waya. Tumeitwa wachawi. Musa kauza ngoma.

Hayo nayaweza. Simuwezi mama yako. Jirani yake hazimi redio, kwa hiyo kila saa saba anafiwa na wewe upya. Alikuja kwangu, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisema tu, "Mwanangu, kawaambie wamwache apumzike." Nikasema nitaenda.

Wiki tatu sasa, sijaenda. Wakiutoa pale, hakuna atakayekupiga tena popote, nawe unajua. Namtesa mama yako ili usikike. Naona aibu, ndugu yangu, na bado nafungua redio.

Kesho asubuhi naenda, nakuahidi. Waurudishe tu ule uchovu wao wa kinanda. Leo nimekaa nakusubiri kwa mara ya mwisho. Watasoma majina, halafu watakukata kwenye dakika ya pili kama siku zote. Pale dakika ya sita, unapoingia wewe kwa nguvu zote, hawajawahi kufika.

Lala, Elia.

Wako, Yohana