Usije Idi Hii

Bulla Haro Adde,
Kaunti ya Garissa.
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa mjomba, Abti Keinan,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitale, wewe na mkeo Amino na watoto. Kifua kimepoa? Mara ya mwisho ulipozungumza na mama kwa simu ulikohoa sana, na tangu siku hiyo ananiuliza kama baridi ya huko haina mwisho. Tafadhali vaa sweta darasani hata kama wanafunzi watacheka.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Ayeeyo, bibi yangu, anaona kwa jicho moja tu sasa, lakini kwa hilo moja bado anawatazama mbuzi wakirudi jioni na kujua ni yupi hayupo. Mvua ilinyesha siku nne, ikakatika. Majani yamechipua kidogo upande wa makaburi.

Usishangae kwamba ninakuandikia Kiswahili kama mtu wa ofisi. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Simu nimeiogopa, kwa sababu kwenye kizuizi wanaifungua na kusoma mazungumzo. Aliyekuletea barua hii ni mtu wa kuaminika. Mpe chai, lakini usimwulize kitu, maana hajui kitu.

Risasi zimekwisha. Tangu Ramadhani hatujasikia hata moja. Maduka yamefunguliwa, na waliokimbilia Dadaab wanarudi kidogo kidogo. Kila mtu anasema ni amani. Nami nasema hivyo, kwa sababu ndivyo inavyoandikwa juu ya kila karatasi ninayopiga chapa.

Watu wa chama cha Kisima, chama chenu, wamewekwa chini ya kamati ya amani, ile ninayoifanyia ukarani. Hakuna anayepigwa, nataka ulijue hilo. Kila Ijumaa baada ya sala wanapanga mstari mbele ya ofisi. Mmoja mmoja anarudisha kadi ya chama, anasema kwa sauti kwamba alikosea, kisha anapewa barua. Asiye na barua hapati kadi ya maji ya lori, wala kibali cha kupeleka mifugo mnadani, wala mtoto wake hapitishwi na wazee apate kitambulisho. Barua hizo naziandika mimi. Zote ni sawa, nabadilisha jina tu.

Waliokuwa na vyeo hawapangi mstari. Wanaitwa kuhojiwa. Wanapanda gari, na gari linarudi bila wao.

Wiki tatu zilizopita kamati ilipata daftari la chama. Lilikuwa ndani ya gunia la sukari, dukani kwa mtu. Waliponipa nilifungua ukurasa wa kwanza nikaujua mwandiko wako. Najua uliwaandikia tu kwa sababu hakukuwa na mwenye mkono mzuri kama wako, na mwaka uleule ukahamishiwa Kitale. Niligeuza ukurasa kama sijaujua.

Abti, uliandika kila mtu kwa majina matatu, lake, la baba na la babu, kama tunavyofundishwa shuleni. Majina ya utani uliyaacha. Naelewa ilikuwa heshima. Nani angependa kusomwa Kiwete au Masikio mbele ya mkutano? Lakini wewe unajua kwamba kwetu majina matatu hayatoshi kumpata mtu.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Abdimalik, aliletwa kutoka mbali ili asiwe na ndugu hapa. Alipofika kwenye jina la katibu wa chama, alikuta Abdikafi Sakariye Nuur. Kwetu wako wawili: Maalim Abdikafi anayefundisha Kurani kwenye duksi, na Abdikafi fundi wa pampu, rafiki yako.

“Ifrah, hii Abdikafi ni ile gani?” akaniuliza. “Wewe ni mutu ya hapa.”

Mzee Jelle, ambaye sasa yumo kwenye kamati, akasema, “Warya, Abdikafi hapa ni kama mbuzi nyeupe. Rusha mawe tu, utapiga moja.” Wakacheka.

Nilimfikiria Maalim. Ana watoto sitini kwenye duksi, na mdogo wangu ameanza Yasin kwake. Halafu, ofisini, tunapogawa kadi za maji, watu wakifanana majina huwa naongeza jina la utani pembeni ili mmoja asichukue maji ya mwenzake. Mkono wangu ulifanya vilevile siku hiyo. Niliandika: Langare. Hakuna anayemwita fundi kwa jina lingine, tangu mguu ule uvunjike.

“Langare!” Mwenyekiti akasema. “Basi huyu hawezi kutushinda mbio.” Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, Abti. Kidogo.

Walimchukua kabla ya adhuhuri akiwa na spana mkononi. Leo ni siku ya kumi na tisa. Mkewe, Ugbad, anakuja ofisini kila asubuhi kuomba barua ya mumewe, na kila asubuhi anaambiwa kwamba mwenyewe lazima aje kuichukua. Anakaa kwenye benchi mbele ya meza yangu. Ananiletea chai ya maziwa ya ngamia kwenye chupa, kwa sababu anasema nimekonda.

“Kunywa, abaayo,” aliniambia jana. “Hawa wanaume watakumaliza na karatasi. Mume yangu alitengeneza pampu ya watu wote, hata ya hawa. Nani amewaambia ni yeye?”

Nilikunywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Ni wewe peke yako unayejua ni Abdikafi yupi uliyemwandika. Tafadhali usiniambie.

Sijalia. Ninakula, ninalala, ninafika kazini mapema. Mama anawaambia majirani kwamba kazi imenituliza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Jumatatu walimaliza daftari. Chini ya ukurasa wa mwisho pana jina la aliyeliandika: Keinan Ayanle Warsan. Mwenyekiti alisema kwamba aliyeandika wote anawajua wote, kwa hiyo huyu anamtaka kuliko katibu.

“Na hii Keinan ni nani?”

Mzee Jelle, aliyekuombea dua siku ya harusi yako, alitazama sakafu. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

“Simjui,” nikasema.

“Humjui? Langare ulijua haraka.”

“Labda ni mtu wa Wajir. Kwetu majina hayo hayapo.”

Aliweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, akafunga daftari. Mzee Jelle alitoka nje kutawadha, ingawa muda wa sala ulikuwa bado.

Lakini mwezi huu kadi za maji zinaandikwa upya, na mwenyekiti anazipitia mwenyewe. Kamati inamjua mama kama Mama Ifrah tu. Kwenye kadi ameandikwa Bishara Ayanle Warsan, na yeyote atakayesoma ataona kwamba ni dada yako. Kwa hiyo nimeitoa kadi yake kwenye kasha na kuichoma jikoni. Tangu juzi tunachukua maji ya mkokoteni wa punda, yenye chumvi. Nimemwambia mama kwamba ofisi imechelewa. Anasema ni vizuri, karani asionekane anaanza na nyumba yake.

Mama ameshachagua kondoo wa Idi, mnene, mwenye kichwa cheusi, na anasema utamchinja wewe. Usije. Usije hata kwa siku moja, wala usimtume Amino na watoto. Mpigie mama umwambie umezuiwa na mitihani, au kifua. Mtafutie uongo mzuri, maana mimi nimetumia wangu wote. Ukishaisoma barua hii, ichome. Usiichane tu, kwa sababu kamati inaviunganisha vipande. Nimewaona wakifanya hivyo kwa gundi.

Nisalimie Amino, na umbusu mtoto mdogo ambaye bado sijamwona. Ayeeyo anakutaja katika kila dua. Mwenyezi Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na awarudishe walio mbali na watu wao.

Mtu yeyote akikuuliza kama una mpwa huku Garissa, sema huna. Sitaumia. Mimi nitaendelea kusema simjui mtu huyo, kila watakaponiuliza. Ujue kwamba kila nisemapo hivyo, ninakusalimia.

Mtoto wa dada yako, akupendaye daima,

Ifrah