Picha Mia Tatu na Kumi na Mbili

Mpendwa Shangazi, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi uipokee kama heshima tu, ninaomba unisaidie kabla sijaivunja nyumba ya mwanangu, au pengine nimeshaivunja.

Mimi ni mjane, karani mstaafu wa masijala, miaka thelathini na moja nimetunza majalada ya watu na halikupotea hata moja, kazini waliniita Mama Jalada kwa sababu hiyo, basi nilipostaafu nikaamua nizitunze na picha za familia kwa mtindo uleule wa masijala, kila picha kwenye kompyuta ikawa na maelezo kamili ya nani ni nani na wa nani, maana sitaki mjukuu aje aulize huyu ni nani akakosa wa kumjibu. Nikupe mfano wa jina la picha moja: "Marehemu mke wa kwanza wa mwanangu mkubwa na mama mzazi wa mapacha akiwa amekaa kibarazani pamoja na mama yake mzazi na dada zake wawili mwezi mmoja kabla ya kujifungua". Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi na sioni aibu.

Sasa kompyuta yetu imezeeka, inawaka kwa kubembelezwa, nikanunua diski ya nje, kile kisanduku chembamba cheusi cha kuchomeka pembeni, ndani yake nikatengeneza folda nikaiita "Hifadhi Kuu ya Kumbukumbu za Familia Nzima", ndani yake nyingine nikaiita "Sehemu ya Pili Watoto Wangu Wakwe Zangu na Wajukuu Zangu", nikanakili kila kitu mwenyewe bila msaada wa mtu, ingawa mashine ilinisumbua, kila mara inaleta kidirisha chenye maandishi madogo inaniuliza sijui nini na miwani yangu iko chumbani, nikabonyeza Ruka, ikauliza tena, nikabonyeza Ruka, mwishoni nikaweka alama kwamba ifanye hivyohivyo kwa yote, ikanyamaza, nikaenda kuepua sufuria.

Siku tatu baadaye mapacha wakaniomba niwaonyeshe mama yao, nikachomeka diski, nikatafuta, Shangazi, hayupo. Daftari langu linasema picha ni elfu moja mia tisa na arobaini, kwenye diski nikahesabu elfu moja mia sita ishirini na nane, yaani mia tatu na kumi na mbili hazipo, na karibu zote ni za huyo marehemu, aliyetuacha mapacha wana miezi mitano, na hizo ndizo picha zake pekee zilizobaki duniani, lakini za mkamwana wangu wa sasa zipo zote, haikukosekana hata moja, hata ile ya harusi niliyoiita "Mkamwana mpya" ipo inang'aa.

Na yeye ndiye niliyemkuta Jumamosi mbili mfululizo amekaa kwenye ile kompyuta, nikitokea tu anafunga alichokuwa anaangalia, basi nikajumlisha mwenyewe, nikamwambia mbele ya mume wake na mbele ya watoto, "Unamwonea wivu hata aliye kaburini?" Hakunijibu kwa hasira na hilo ndilo linalonitafuna, alisema tu, "Mama, sijafuta hata moja," akakunja nguo zake akaenda kwa dada yake, leo siku ya sita, mwanangu ananisalimia kwa kichwa, mapacha wananiuliza mama atarudi lini, na huyo huyo ndiye wanayemwita mama.

Kompyuta nimeshampelekea fundi aifute yote aweke programu mpya wajukuu waisomee, amesema ataishughulikia Jumatano. Swali langu, Shangazi, ni je, nimsamehe huyu binti kwa alichofanya, au nimwachie mwanangu aamue?

Ni mimi, Mama Jalada.

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Jalada, zimepatikana! Zote, dada yangu, mia tatu na kumi na mbili, haikupungua moja! Wewe unajua tayari, maana ulinipigia kelele kwenye simu mpaka sikio langu la kulia likaziba, lakini wasomaji hawajui, kwa hiyo nivumilie nikusimulie habari zako mwenyewe.

Barua yako ilinifikia Jumanne asubuhi. Gazeti linatoka Ijumaa. Niliposoma kwamba fundi atafuta kila kitu Jumatano, chai ilinipalia. Nikainuka na barua yako mpaka meza ya tatu, kwa mtunza picha wetu, mtu mwenye diski nyingi kuliko viatu. Akaisoma mara moja tu. Alipofika kwenye jina la ile picha ya kibarazani akavua miwani akacheka.

"Huyu mama ameandika jina la faili au wosia?"

Halafu akaacha kucheka, akahesabu kwa kidole, herufi moja moja. Kompyuta za aina yenu, akaniambia, zina kikomo. Jina la faili likijumlishwa na majina ya folda zote lilimo, lisizidi herufi mia mbili na sitini hivi. Kwenye kompyuta ya zamani majina yako yalikuwa yameponea chupuchupu. Ulipoyaingiza ndani ya hiyo Hifadhi Kuu yako yenye jina refu kama treni, yakapita kikomo. Mashine ikakuuliza kwa adabu: jina hili ni refu mno, nifanye nini? Na wewe, mwenye sufuria jikoni na miwani chumbani, ukaijibu: Ruka. Tena kwa yote!

Hakuna aliyefuta picha, Mama Jalada. Uliziacha nyuma wewe mwenyewe. Na zilikuwa bado zimekaa kwenye kompyuta ya zamani zikimsubiri fundi.

Nikakupigia. Ukaniambia "lakini" mara nne, nikazihesabu. Fundi hakuwa anapokea simu, mwanao yuko kazini, na wewe ungehitaji zaidi ya nusu saa kufika. Ukanung'unika kwamba aliye karibu na duka la fundi ni mmoja tu, mkamwana wako, maana dada yake anakaa mtaa huohuo. Nikakwambia mpigie. Ukauliza, "Nimwambie nini, baada ya yale niliyomwambia?" Nikakujibu mwambie kweli, kwa maneno machache, hebu jaribu siku moja.

Mkamwana wako hakukuuliza swali hata moja. Alitoka na kandambili. Alimkuta fundi ameshaichomeka kompyuta yako, ameamua kuiwahisha kwa siku moja ili akufurahishe, bado kubonyeza tu. Binti akaweka kiganja juu ya kibodi akasema, "Hapa hapafutwi kitu mpaka mama yangu afike." Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Umesikia alivyokuita? Baada ya siku sita za kulala kwenye mkeka wa dada yake kwa sababu yako!

Ulipofika mkafungua folda pamoja, ukamkuta marehemu amekaa pale kibarazani, anacheka na mwanya wake. Ndipo ulipopiga kigelegele kwenye simu na mimi nikasimama kitini, na mtunza picha wetu, ambaye huwa hasalimii mtu kabla ya saa nne, akapiga makofi. Nimefanya kazi hii miaka mingi nikijibu machozi ya watu, sijawahi kufurahi namna ile. Nilifurahi mno!

Haya. Furaha imetosha, sasa kaa chini.

Uliuliza kama umsamehe. Wewe ndiye wa kuomba msamaha, mama. Unajua kwa nini picha zake hazikukosekana hata moja? Kwa sababu marehemu ulimwandikia mistari mitatu na huyu aliye hai ukampa maneno mawili. "Mkamwana mpya." Ameolewa miaka minne, bado ni mpya? Na zile Jumamosi mbili, fundi anasema ulimuuliza mkamwana wako palepale dukani, akakujibu kwamba alikuwa akiwaonyesha mapacha mama yao, na alikuwa akifunga ukitokea kwa sababu mara ya kwanza ulipoziona picha zile ulilia kutwa nzima. Aliyewafundisha wale watoto kwamba mwanya wao wameurithi kwa mama yao ni huyohuyo uliyemwita mwenye wivu.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinijibu "lakini". Fupisha majina, kila picha ipe namba, na maelezo yako marefu yaandike kwenye daftari mbele ya namba hiyo, karani wa masijala hahitaji kufundishwa rejista. Nakili upya ukiwa umevaa miwani. Ukimaliza, hesabu zilizotoka na zilizofika, kisha fungua diski kwenye mashine nyingine uone kama picha zinafunguka kweli, na mpaka hapo fundi asiguse kitu. Tengeneza na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Mimi nashauri ikae kwa yule dada yake, umpelekee mwenyewe kwa miguu yako, na umshukuru kwa kumlaza mkamwana wako siku sita.

Halafu waite walewale uliomshtaki mbele yao, mwanao na mapacha, na useme kwa sauti ileile: nilikosea. Usimnong'oneze jikoni. Matusi yalikuwa ya sebuleni, na msamaha uwe wa sebuleni.

Limebaki moja. Picha moja nzuri ya marehemu usiipe namba, iite "Mama", watoto waipate wenyewe bila kukuuliza. Kisha chukua ile ya "Mkamwana mpya", nayo iite "Mama", uiweke kwenye folda hiyohiyo. Mashine itakuletea tena kidirisha chake: kuna nyingine yenye jina hili, uifute ya kwanza, uiruke hii, au uweke zote mbili? Safari hii vaa miwani, soma polepole, na usibonyeze Ruka.

Weka zote mbili.