Kumbe Alishaambiwa

Mwenzangu, niko kwenye teksi natoka hospitali.

Unajua nilivyokuwa nasitasita na ile operesheni ya urembo ya kupunguza tumbo. Baba watoto ndiye aliyenisukuma. Asubuhi hii hii kaniambia, "Nimeongea na daktari, haina hatari yoyote."

Haina hatari!

Daktari kanipima uzito, akatikisa kichwa. "Mama, kwa kilo hizi sikupasui. Kidonda kinaweza kukataa kupona, damu ikaganda mwilini. Upungue kwanza. Si nilimweleza mumeo wiki jana?"

"Ulimweleza nini?"

"Haya haya. Akaniomba nisikutishe."

Eti asinitishe! Alijua, mwenzangu. ALIJUA. Miaka kumi na minne nalala na mtu, kumbe tumbo langu linamkera kuliko kifo changu kinavyomtisha.

Natoka, namkuta kwenye benchi kajaa tabasamu. "Wamekupangia lini?"

Nikamwambia, "Sikatwi. Nikipungua, nitapungua kwa ajili ya magoti yangu, si macho yako."

Tabasamu likayeyuka, akainamisha kichwa.

Hakuuliza hata kwa nini.