Hina Niliyokupa

Salma mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi hapa Michenzani hatujambo. Mama yako yuko kazini Kiwengwa, na goti langu linanisumbua kidogo tu.

Ulipokuja kuchukua hina yangu ukaipime huko maabara kama inaharibu vinasaba na kuleta saratani, uliniuliza nachanganya nini. Nikakujibu ndimu na mafuta ya mkaratusi. Sasa umeniandikia kwamba hina ya bibi yako ni safi.

Nilikudanganya.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza naanza kupaka maharusi. Hina ya bibi harusi mmoja ilikataa kukolea, na mavyaa wake, mama wa bwana harusi, keshafika mlangoni. "Mikono ndiyo hii?" akaniuliza. Nikatoka uani, nikatia petroli kwenye hina, nikampaka tena. Haikuchukua muda ikawa nyeusi, vigelegele vikapigwa. Toka siku ile kila mwenye harusi ananitaka mimi, nami nafukiza udi harufu isisikike. Nilikimbia aibu ya siku moja tu, Salma.

Hiyo uliyonayo sikuitia petroli, imwage. Mjomba wako anakuletea nyingine kwa boti, nimeichanganya kama nnavyoichanganya siku zote. Ipime, na jina langu uliandike.

Mama yako siku ya harusi yake nilimpaka hii hii, mikono na miguu. Majibu yakitoka niambie mimi kwanza. Yeye nitamwambia mwenyewe.

Bibi yako,
Zuwena